Mayai ya Minyoo Hayahesabiwi Bure: Majibu kwa Madai Sita

Timu ya afya ikifika shule ya msingi wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, na vikopo vya kukusanyia choo kikubwa, maneno hayakosekani. Yapo ya wazazi, yapo ya walimu, na yapo hata ya watu wa maabara wenyewe. Nayajibu hapa moja baada ya jingine, kwa sababu hesabu ya mayai ndiyo inayotuonyesha kama dawa tunazowapa watoto zinawapunguzia mzigo wa minyoo. Ikidharauliwa au ikisomwa vibaya, anayeumia ni mtoto.

Dai la kwanza: "Amepimwa, hana yai hata moja. Basi hana minyoo."

Si lazima iwe hivyo. Njia inayotumika zaidi ni Kato-Katz, iliyoanzia Japani mwaka 1954 na kuboreshwa Brazili mwaka 1972. Choo huchujwa kwenye wavu, hujazwa kwenye tundu la kibao kidogo kilichowekwa juu ya slaidi, kisha kibao huondolewa na choo hufunikwa kwa karatasi angavu iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani. Slaidi hugeuzwa na kukandamizwa mpaka choo kitandazike. Tundu hilo hubeba miligramu 41.7 tu, kwa hiyo mayai yaliyoonekana huzidishwa kwa 24 ili kupata idadi kwa gramu moja.

Mayai hayasambai sawasawa kwenye choo, na minyoo haitagi kiasi kilekile kila siku. Ni kama mawe kwenye gunia la mchele: kiganja kimoja kinaweza kutoka safi kabisa. Mtoto mwenye minyoo michache hupita kirahisi bila kuonekana, ndiyo maana watafiti makini huchukua choo cha siku zaidi ya moja na kusoma angalau slaidi mbili kwa kila choo.

Dai la pili: "Mayai matano tu kwenye slaidi? Hilo si tatizo."

Kwanza tuulize ni mayai ya nani. Matano mara 24 ni 120 kwa gramu. Yakiwa ya minyoo mikubwa ya mviringo, ile ambayo mzazi huiona ikitoka na choo, hayo ni maambukizi mepesi, kwani jike mmoja anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Yakiwa ya kichocho cha tumbo, yenye mwiba ubavuni, mtoto huyo tayari yuko kwenye kundi la kati kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, linaloanzia mayai 100 kwa gramu. Tena mayai mengi ya kichocho hayatoki kabisa: hunasa kwenye ini na kuta za utumbo, na huko ndiko yanakoleta madhara.

Dai la tatu: "Slaidi zisubiri, zitasomwa kesho."

Mayai ya minyoo ya safura yana ganda jembamba. Gliserini huyafanya yafifie mpaka yasionekane, hivyo yanatakiwa kusomwa ndani ya dakika 30 hadi 60. Ya kichocho huvumilia. Maabara inayolaza slaidi itaandika kwamba safura hakuna, na takwimu za wilaya zitapendeza. Lakini safura hunyonya damu, na upungufu wa damu kwa watoto na wajawazito utabaki palepale bila chanzo chake kuandikwa.

Dai la nne: "Bariadi tuko mbali na ziwa. Kichocho ni cha watu wa Busega."

Busega inagusa Ziwa Victoria, na kichocho cha tumbo hufuata fukwe za ziwa hilo. Lakini huku ndani ya Usukuma kipo kichocho cha mkojo. Konokono wanaokibeba huishi kwenye malambo, majaruba ya mpunga na madimbwi ya mvua, na kiangazi wengine hujificha kwenye tope mpaka mvua irudi. Mayai ya kichocho hiki hutafutwa kwenye mkojo: huchujwa mililita 10, na hupendekezwa uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Anayepima choo peke yake Bariadi ameacha nusu ya kazi.

Dai la tano: "Alimeza dawa na bado ana mayai. Dawa haifai."

Pemba ilitoa jibu la wazi. Majaribio yaliyofanyika huko kwa watoto wenye minyoo mijeledi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2014, yaliunganisha dawa mbili, oksanteli na albendazoli. Waliopona kabisa walikuwa takriban 31 kwa kila 100, lakini mayai yalipungua kwa asilimia 96. Kwa albendazoli peke yake walipona chini ya 3 kwa kila 100, na mayai yakapungua kwa asilimia 45. Anayeuliza tu kama mayai yapo au hayapo angeitupa dawa nzuri. Kuhusu kichocho, dawa yake, prazikwanteli, haiui minyoo michanga, kwa hiyo mayai yanaweza kurudi hata kama dozi ilikuwa sahihi.

Dai la sita: "Dawa hutolewa shuleni. Fedha za kuhesabu zinunue dawa zaidi."

Dawa ni muhimu, lakini hazitoi taarifa. Utafiti wa kichocho uitwao SCORE, ulioendeshwa kwa miaka kadhaa na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, katika vijiji vya kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, ulionyesha kuwa vipo vijiji ambako maambukizi hayakushuka ilivyotarajiwa licha ya dawa kugawiwa mara kwa mara. Bila kuhesabu, vijiji hivyo vingeonekana sawa na vingine, na visingepelekewa maji safi, vyoo na elimu vinavyohitaji.

Basi mzazi au diwani wa Simiyu akiletewa takwimu za minyoo, aulize: zilisomwa slaidi ngapi, baada ya muda gani, na je, mkojo nao ulipimwa? Asiyeweza kujibu arudi maabara kabla ya kutangaza kwamba watoto wetu wamepona.