Raha ya gitaa, kilio cha misitu ya Afrika

WAPENZI wa gitaa wanapokutana, mazungumzo hayana mwisho. Huyu atasema hakuna gitaa lililo na sauti safi kuliko Fender, yule ataapa kwamba Gibson ndilo lenye uzito na utamu, na wa tatu atawacheka wote wawili akidai kuwa siri haimo katika chombo bali katika vidole vya mpigaji. Watabishana kuhusu unene wa nyuzi, aina ya amplifaya, na kama benga yapigwa vizuri zaidi kwa kidole au kwa kipande cha plastiki. Hatimaye, kama ilivyo ada, watafika kwenye suala la mbao.

Hapo ndipo mjadala unapoacha kuwa wa starehe tu. Kwa miaka mingi wapenzi wa ala hii wameamini kuwa gitaa bora sharti liundwe kwa mbao za miti michache ya nchi za joto: roswudi kwa mgongo na mbavu, mahogani kwa shingo, na abunusi nyeusi tititi kwa ule ubao mwembamba ulio juu ya shingo, ambapo vidole hubonyeza nyuzi. Imani hiyo ina bei. Mara nyingi wanaoilipa si wanunuzi wa Ulaya na Marekani, bali misitu ya Kameruni, Madagaska na nchi nyinginezo za Afrika, pamoja na watu wanaoishi kando yake.

Tuanze na abunusi. Mwaka 2011 kampuni ya Taylor ya Marekani, ikishirikiana na kampuni moja ya Uhispania, ilinunua kiwanda cha kupasua mbao za abunusi jijini Yaounde, Kameruni. Mwasisi wake, Bob Taylor, alipofuatilia namna miti hiyo ilivyokuwa ikivunwa, aligundua jambo la kushangaza. Wakataji walimweleza kuwa huwezi kujua rangi ya moyo wa mti mpaka uuangushe. Ikiwa moyo ni mweusi kabisa, gogo hubebwa. Ikiwa una michirizi ya kahawia au kijivu, gogo huachwa palepale lioze, kwa kuwa hakuna kiwanda kinacholitaka. Kwa hesabu waliyompa, katika kila miti kumi iliyoangushwa, ni mmoja tu uliofikia soko.

Msomaji atambue kwamba ubao wenye michirizi hauna dosari yoyote. Ni mgumu sawa na ule mweusi, hudumu sawa, na hutoa sauti ileile. Kosa lake ni rangi tu. Miti tisa iliyohitaji miongo mingi kukua iliangushwa bure kwa sababu mnunuzi wa mbali amezoea kuona weusi chini ya vidole vyake. Taylor aliamua kununua magogo yote, yenye michirizi na yasiyo nayo, akaanza kuwauzia wateja wake magitaa yenye ubao wa madoadoa. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilimtunuku kwa juhudi hizo, na tangu 2016 kampuni yake imekuwa ikishirikiana na watafiti wa Bonde la Kongo kuotesha miche ya abunusi vijijini.

Kisa cha Madagaska kilikuwa kichungu zaidi. Machafuko ya kisiasa yalipozuka huko mwaka 2009, wakataji haramu walivamia mbuga za Masoala na Marojejy, wakaangusha roswudi na abunusi bila kizuizi. Mnamo Novemba mwaka huohuo, maafisa wa serikali ya Marekani walivamia kiwanda cha Gibson katika jimbo la Tennessee wakitafuta abunusi iliyotoka Madagaska. Walirejea Agosti 2011, safari hii wakifuatilia mbao zilizotoka India. Msingi wa hatua hiyo ulikuwa sheria ya Lacey ya mwaka 1900, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2008 ili kupiga marufuku uingizaji wa mbao zilizovunwa kinyume cha sheria za nchi zilikotoka.

Uvamizi huo uliwagawanya wapenzi wa gitaa. Baadhi yao waliona kuwa serikali ilikuwa ikiwaonea mafundi wasio na hatia, na baadhi ya wanasiasa wa Marekani wakaligeuza suala hilo kuwa fimbo ya kuchapia wapinzani wao. Hata hivyo, Agosti 2012 Gibson ilikubali kulipa faini ya dola 300,000, pamoja na dola 50,000 kwa shughuli za uhifadhi, ili kumaliza kesi hiyo. Tangu hapo, hakuna kampuni kubwa ya magitaa inayoweza kudai kuwa haikujua mbao zake zinatoka wapi.

Pigo la pili lilikuja kupitia mkataba wa CITES, ambao husimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, mataifa wanachama yaliamua kuiweka jamii nzima ya miti ya Dalbergia chini ya udhibiti kuanzia Januari 2, 2017. Roswudi halisi zimo katika jamii hiyo. Humo pia umo mpingo wetu wa Afrika Mashariki, ambao hutumika zaidi kuunda klarineti na zumari za Kizungu kuliko magitaa. Ghafla, kila gitaa lenye kipande cha roswudi lililouzwa nje ya nchi lilihitaji kibali. Fender ilibadilisha mbao katika magitaa yake yanayoundwa Mexico, na wateja wengi wakalalamika kuwa sauti imeharibika hata kabla ya kuisikiliza.

Watengenezaji walipiga kelele, na kelele zao hazikuwa bila msingi. Walihoji: kwa nini fundi anayetumia vipande vidogo vya mbao aadhibiwe, ilhali sehemu kubwa ya roswudi duniani hupelekwa China kutengeneza samani za kifahari? Hoja hiyo ilisikilizwa. Katika mkutano wa Geneva wa Agosti 2019, mataifa yalikubaliana kuziondolea vibali ala za muziki zilizokamilika, isipokuwa zile za roswudi ya Brazil, ambayo biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 1992. Nafuu hiyo ilianza kutumika mwishoni mwa Novemba mwaka huo.

Ni kweli kuwa gitaa si adui mkuu wa misitu. Sisi Wakenya tunayo sababu ya kulifahamu hilo. Mwaka 2014 makontena ya roswudi kutoka Madagaska yalinaswa katika bandari ya Mombasa yakiwa njiani kwenda Asia. Shehena ile haikuwa ya mafundi wa magitaa. Ilionyesha kwamba bandari yetu ni mojawapo ya milango ambayo mali ya misitu ya majirani hupitia. Lakini kusema kuwa jirani anaiba zaidi hakumtakasi aibaye kidogo. Tena, tofauti na mnunuzi wa samani, mpenzi wa gitaa hujinadi kuwa mtu anayeupenda mti kwa sababu ya sauti yake. Basi ni haki aulizwe: je, sauti hiyo imo kweli ndani ya mbao hizo?

Sayansi imejaribu kujibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, waliagiza magitaa sita yaliyoundwa na fundi mmoja, yanayofanana kwa kila hali isipokuwa mbao za mgongo na mbavu. Moja liliundwa kwa roswudi ya ghali ya Brazil, jingine kwa mahogani, mengine kwa mbao za bei nafuu. Wapigaji 52 walipewa magitaa hayo wayapige gizani, macho yamezibwa, wasiweze kuona rangi wala kutambua mbao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa alama walizoyapa magitaa hayo zilikaribiana mno, na kwamba hawakuweza kuyatofautisha kwa uhakika. Mbao za ghali hazikuibuka kidedea. Masikio yalikuwa yakiongozwa na macho, na macho yakiongozwa na bei.

Hatusemi kwamba mbao hazina maana. Ubao wa uso wa gitaa lisilotumia umeme ndio hasa unaotetema, na fundi hodari hujua kuuchonga kwa kipimo. Katika gitaa la umeme, nako, kazi kubwa hufanywa na nyuzi, na sumaku zinazonasa mtetemo wake, na amplifaya. Lakini madai kwamba bila roswudi au abunusi nyeusi hakuna sauti ya maana hayana nguvu tena. Hayo ni mazoea yaliyovikwa joho la ujuzi.

Na kama utafiti wa Lancaster hautoshi, historia ya muziki wetu inatosha. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, nchini Kongo. Nyimbo zake zilisambazwa katika sahani za Gallotone, kampuni ya Afrika Kusini ambayo pia iliuza magitaa ya bei rahisi yaliyoenea mikononi mwa watu wa kawaida. Gitaa moja la aina hiyo lilimfikia kijana mmoja wa Liverpool mwaka 1957. Kijana huyo alikuwa John Lennon, na kibandiko ndani ya gitaa lake kiliahidi tu kwamba chombo hicho hakitapasuka. Hakuna aliyemwahidi roswudi.

Upigaji wa Mwenda uliitikisa Nairobi alipokuja kukaa humo miaka michache baadaye. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi aliukuza mtindo wa omutibo, gitaa moja likibeba wimbo na mdundo kwa pamoja huku mwenzake akikwaruza chupa ya soda. Mukabi aliaga dunia mwaka 1963, lakini hadi leo wapigaji wanahangaika kumwiga. Kando ya Ziwa Victoria, vijana waliozikulia nyuzi nane za nyatiti waliuhamishia mwendo wake kwenye gitaa la umeme, na hivyo benga ikazaliwa. D.O. Misiani na Shirati Jazz waliipeleka mbali, kabla ya mwanamuziki huyo kufariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka 2006. Katika sifa zote wanazopewa magwiji hao, ni nadra kusikia mtu akitaja aina ya mbao. Husifiwa vidole vyao, masikio yao na subira yao.

Mfano mwingine upo Mombasa. Kwa miongo kadhaa wachonga vinyago wa Kikamba walitegemea mpingo na muhugu, na watalii waliamini kuwa kinyago kisicho cheusi au kizito si halisi. Miti hiyo ilipoadimika, wachongaji walihimizwa kutumia mwarobaini na mwembe, miti inayokua upesi na iliyojaa mashambani mwa Pwani. Wengi waliona kuwa mnunuzi atakataa. Lakini vinyago vya mwarobaini vilipata soko, kwa kuwa alichokuwa akikinunua mtalii ni kazi ya mkono. Waunda magitaa wana somo hapo.

Isitoshe, kuacha kabisa kutumia miti ya Afrika si dawa. Mti usio na thamani kwa mwanakijiji hukatwa kwa ajili ya makaa au shamba la ufuta. Wilayani Kilwa, kusini mwa Tanzania, vijiji vilivyopewa mamlaka juu ya misitu yao vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora mwaka 2009, vikaanza kuuza mpingo kwa bei ya haki na kuyaelekeza mapato kwenye huduma za kijamii. Mpingo huchukua zaidi ya miaka 70 kukomaa. Mwanakijiji atakayeulinda kwa muda wote huo ni yule anayejua kuwa mjukuu wake ndiye atakayeuvuna, si tajiri wa mjini.

Nchini Kenya, suala la nani avune na kwa masharti gani lingali moto. Marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa Februari 2018 ilizua mvutano, na tangazo la kuiondoa mwaka 2023 likafikishwa mahakamani. Mjadala huo hutawaliwa na mbao za ujenzi na nguzo za umeme. Ni nadra kusikia serikali ikiuliza ni kwa nini fundi wa Nairobi au Kisumu asiunde gitaa kwa mbao za miti iliyopandwa, akamuuzia mwanafunzi anayelazimika sasa kununua chombo kilichosafirishwa kutoka Asia. Ustadi tunao, maseremala wetu huunda vitu vigumu kuliko hivyo. Kinachokosekana ni mafunzo, mikopo na imani.

Mzigo haumwangukii fundi peke yake. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, wengi walinunua gitaa lao la kwanza, na Fender ikauza kuliko mwaka wowote uliotangulia katika historia yake. Hao ndio wateja watakaoamua kampuni zitumie mbao gani kesho. Mteja akikubali ubao wenye michirizi, miti tisa ya Kameruni haitaozea chini. Akiuliza mbao zimetoka wapi kabla ya kuuliza zinalia vipi, muuzaji atalazimika kuwa na jibu.

Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Vivyo hivyo, si kila ubao mweusi ulio na sauti. Wapenzi wa gitaa waendelee kubishana, kwa kuwa ubishi wao ni sehemu ya raha ya muziki. Lakini hesabu ya mbao waifanye kwa masikio, si kwa macho, kwa sababu mti ulioangushwa kwa ajili ya rangi tu hautainuka tena hata gitaa lilie namna gani.