Tuanze na Kutembea

Mgeni wa dansi ya wawili wawili huuliza kwanza: hatua ni ngapi? Ni swali la haki, na toleo hili linalijibu. Salsa huhesabiwa hadi nane: unakanyaga moja, mbili, tatu, unatulia kwenye nne, kisha tano, sita, saba, unatulia tena. Bachata ya Jamhuri ya Dominika ni hatua tatu za kwenda upande, na kwenye pigo la nne mguu unagusa sakafu tu. Waltz ni mapigo matatu. Hayo mtu huyashika kwa jioni moja. Lakini nimewaona wengi walioyashika wakiingia ukumbini na midomo inahesabu, macho yako miguuni, na mwenzao hajui anapelekwa wapi.

Kwa maoni yangu tunawaanzisha mahali pasipofaa. Anayeongoza haongozi kwa kuvuta mkono. Anahamisha uzito wa mwili wake, na anayefuata anausikia uzito huo kifuani au kiganjani kabla mguu haujanyanyuka. Bila hilo, hesabu haina kazi. Tango, iliyozaliwa Buenos Aires na Montevideo, ni ushahidi mzuri: msingi wake ni kutembea mkiwa mmekumbatiana, na wawili wanaweza hata kusimama katikati ya wimbo wakisubiri kinanda. Kizomba ya Angola nayo ni mwendo wa kutembea, magoti yamelegea, besi ikiwabeba.

Nasi tunayo shule yetu. Santuri za Kuba za mfululizo wa GV, zilizoanza kutoka mwaka 1933, zilifika Kongo, na wanamuziki wa pande zote mbili za Mto Kongo wakaifanya rumba kuwa yao. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa binadamu. Zamani kabla ya hapo, bendi za Dar es Salaam, Morogoro na Tabora zilikuwa zimeshaipokea na kuitilia Kiswahili. Sikiliza nyimbo za bendi ya Mlimani Park za baada ya 1978. Sehemu ya kwanza inakwenda taratibu, maneno yanasikika, watu wameshikana. Kisha magitaa yanakaza, sehemu ambayo Wakongo huiita sebene, sisi chemko, na wawili wanaachana, kila mmoja anajimwaga.

Kumbi za bendi hizo zilifundisha na adabu pia, na inaniuma kuona madarasa mengi yakiiruka: namna ya kumwomba mtu dansi, kukubali akisema hapana bila kumnunia, kumrudisha kwenye kiti chake wimbo ukiisha. Kurasa kadhaa za toleo hili zimetengwa kwa ajili hiyo, mbele ya mizunguko na madoido yote.

Mimi nilifundishwa na mama mdogo, sebuleni, meza ikiwa imesogezwa ukutani na redio iko dirishani. Aliweka kiganja changu mgongoni pake, akaniambia nisicheze, nitembee tu naye. Kila nilipotazama chini aliniinua kidevu. Tulizunguka chumba kile beti baada ya beti, mpaka nikajua anapotaka kugeuka kabla hajageuka. Tulipofika kwenye chemko akaniachia mikono.