Mtoto Mwenye Kichwa Kikubwa: Tusimfungie Ndani

Mwezi huu tunataka kuzungumza habari za watoto ambao hatuwaoni kanisani wala kliniki, kwa kuwa wamefichwa ndani. Ni wale waliozaliwa na mgongo wazi, na wale ambao vichwa vyao hukua kupita kiasi kwa sababu ya maji. Husemwa mengi juu yao: mama amerogwa, au alimcheka kilema, au alitoka nje ya ndoa. Baba akisikia hayo mara nyingine huondoka, na mama hubaki na mtoto ambaye hata kumbeba mgongoni hawezi kwa uzito wa kichwa.

Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza swali hilohilo walipomwona kipofu tangu kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi? Mwaweza kusoma jibu lake katika Injili ya Yohana sura ya 9. Hakumlaumu mzazi yeyote.

Tuyajue basi maji hayo. Ndani ya ubongo wa kila mtu mna vyumba vidogo ambamo maji safi hutengenezwa mchana na usiku. Kwa mtu mzima ni kama nusu lita kwa siku. Maji hayo huuzunguka ubongo na uti wa mgongo na kuvikinga, kisha hunyonywa na kurudi katika damu. Njia ikiziba, maji huzidi kujaa. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana, kwa hiyo kichwa hupanuka, na ubongo hubanwa. Ukibanwa kwa muda mrefu mtoto aweza kupoteza macho, miguu na ufahamu, na asipotibiwa wengi hufa. Hapo hapana mzimu. Pana mfereji ulioziba.

Dawa yake ni upasuaji. Njia inayotumika zaidi ni kuweka mrija mwembamba kutoka ndani ya ubongo, ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio hadi tumboni, ambako maji hunyonywa. Mrija huo una vali inayozuia maji kurudi nyuma. Yafaa tujue kwamba vali hizo zilitokana na uchungu wa wazazi. Mwaka 1955 huko Philadelphia, Marekani, fundi mitambo John Holter alipata mtoto, Casey, mwenye mgongo wazi na maji kichwani. Alipoona mirija ya wakati ule haimfai mwanawe, alitengeneza vali yake mwenyewe, na mwaka 1956 daktari Eugene Spitz akaanza kuitumia kwa watoto. Casey hakuishi miaka mingi, lakini maelfu ya watoto wa wengine waliishi.

Mwandishi wa vitabu vya watoto Roald Dahl naye aliyapitia hayo. Desemba 1960 mwanawe Theo, mwenye miezi minne tu, aligongwa na teksi jijini New York akiwa katika kigari chake. Maji yakajaa kichwani, na mrija aliowekewa ukawa unaziba mara kwa mara. Baba huyo alishirikiana na fundi Stanley Wade na daktari Kenneth Till wa London, na mwaka 1962 wakatoa vali isiyoziba upesi. Walikubaliana wasichukue faida yoyote.

Hata hivyo mrija huziba hata leo, au huingiwa na vijidudu. Kwa watoto, karibu nusu ya mirija huhitaji kurekebishwa kabla ya miaka miwili kwisha. Mama aliye karibu na hospitali kubwa atafika kwa wakati. Je, yule aliye mbali, wakati wa masika, bila nauli? Swali hilo lilimsumbua daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyehamia Uganda na familia yake mwaka 2000 kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, ambayo ni hospitali ya Kikristo. Alianza kutumia kamera nyembamba kutoboa tundu ndani ya vyumba vya ubongo ili maji yapate njia nyingine, na papo hapo kuunguza sehemu ya tishu zinazotengeneza maji hayo. Si kila mtoto anayefaa njia hiyo. Lakini uchunguzi wa watoto wachanga 100 uliofanywa Mbale na kutangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba, baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili wa waliofanyiwa hivyo haukupishana sana na wa wale waliowekewa mrija. Kwa mama wa kijijini, mtoto asiyetegemea mrija ni faraja kubwa.

Warf aligundua jambo jingine linalotuhusu sana sisi wenye nyumba. Zaidi ya nusu ya watoto aliowatibu hawakuzaliwa na ugonjwa huo. Waliupata baada ya maambukizi, mara nyingi katika mwezi wa kwanza wa maisha. Kwa hiyo kitovu kisipakwe samli, majivu wala udongo. Anayempokea mtoto na anayemshika anawe mikono kwa sabuni. Mchanga mwenye homa, anayekataa kunyonya au kushtukashtuka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mgongo wazi una habari nyingine. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika siku 28 hivi za kwanza za mimba, wakati mama wengi hawajajua kwamba wamechukua mimba. Vidonge tunavyopewa kliniki mwezi wa nne vina faida nyingine, lakini kwa jambo hili vimechelewa. Mwanamke anayetarajia kuzaa anywe asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika mimba, na aendelee hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo amwone daktari, kwani huhitaji kipimo kikubwa zaidi. Na anayetumia dawa za kifafa amwone pia, wala asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Mchicha, maharage, kunde na machungwa husaidia, ingawa havitoshi peke yake. Tangu mwaka 2011 Tanzania ina kanuni za kuongeza virutubisho hivi katika unga wa viwandani, lakini sisi tunaosagisha kwenye mashine ya mtaani hatuupati.

Akizaliwa mtoto mwenye uvimbe au kidonda mgongoni, afunikwe kwa kitambaa safi, alazwe kifudifudi au ubavu, asipakwe dawa yoyote, apelekwe haraka. Upasuaji wa kufunga mgongo hufaa ufanyike katika siku mbili tatu za kwanza. Wengi wao hawawezi kukojoa vizuri, na mama hufundishwa kutoa mkojo kwa mpira mwembamba safi ili figo zisiharibike. Ni kazi ya kila siku, na akina mama wengi huizoea upesi kuliko walivyodhani.

Dalili za maji kichwani ni hizi: utosi kututumka hata mtoto akiwa ameketishwa ametulia, mishipa kuonekana kichwani, macho kutazama chini kama jua linalotua, kutapika, kulia sana. Mwombeni muuguzi apime mzunguko wa kichwa kwa utepe. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na sentimeta 33 hadi 37 hivi, na katika miezi mitatu ya kwanza huongezeka kama sentimeta 2 kwa mwezi. Kikikua kupita hapo, mwombeni barua ya rufaa, nanyi msisubiri kliniki ijayo. Mwenye mrija akitapika, akiumwa kichwa au kusinzia kupita kawaida, hiyo ni safari ya usiku uleule.

Tunaamini maombi, na tunaombea watoto hawa. Lakini kumzuia mama kwenda hospitali ili amalize kwanza siku 40 za maombi ni kumwibia mtoto ubongo wake. Wachungaji watusamehe kwa kusema hivi.

Na vikundi vya akina mama vinavyozuru wagonjwa vikumbuke wodi za watoto wa upasuaji wa ubongo, kama ile ya MOI pale Muhimbili. Mama hukaa huko wiki nyingi. Mpelekeeni sabuni, khanga na nauli ya kurudia kliniki, na baba akiwepo nyumbani, mwenyekiti wa kikundi aende na mumewe wakazungumze naye.