Taa za guta ni sehemu ya mtaji

BIASHARA ya ndizi na mboga zinazoteremshwa kutoka milima ya Uluguru huanza kabla ya jua kuchomoza. Mzigo unaofika Kilakala alfajiri hupakiwa kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, maarufu kama guta, na kukimbizwa Soko Kuu la Chifu Kingalu au Mawenzi. Anayechelewa huwakuta wanunuzi wa jumla wamekwishajaza mizigo yao, na bei ya asubuhi haimsubiri mtu.

Kwa maneno mengine, guta hutafuta riziki yake gizani. Hata hivyo, mnunuzi wa guta huuliza habari za injini, springi na idadi ya magunia ambayo bodi itabeba. Taa huulizwa mwisho, au haziulizwi kabisa.

Hasara inaanzia hapo. Maguta mengi yana taa kubwa moja, tena iko katikati. Dereva wa gari anayekuja mbele huona mwanga mmoja, akadhani ni bodaboda, akaacha nafasi ya bodaboda. Anapogundua kwamba nyuma ya mwanga ule kuna bodi pana kuliko usukani, huwa amekwishachelewa. Pikipiki inayofungwa kiti cha pembeni ina tatizo hilo hilo, na dawa yake ni moja: taa ndogo nyeupe kwenye kona za mbele za sehemu iliyo pana, na taa nyekundu kwenye kona za nyuma, ili upana wa chombo uonekane kwa mbali.

Kazi hiyo si ngumu, ila haitaki ubabaishaji. Betri ya guta ni ya volti 12. Taa ya mbele ya wati 35, taa mbili za nyuma za wati 5 kila moja na taa mbili za breki za wati 21 kila moja, zikiwaka kwa pamoja ni wati 87. Ukigawa kwa 12 unapata ampea 7 na robo. Fyuzi ya ampea 10 inatosha, na waya uwe mnene kiasi cha kuhimili mzigo huo bila kupata moto. Fundi anayeondoa fyuzi iliyoungua na kuweka karatasi ya pakiti ya sigara hajatengeneza kitu. Ameondoa ulinzi, na sasa kitakachoungua ni waya wenyewe.

Kosa jingine la kila siku ni waya wa hasi. Mafundi wengi hutegemea bodi na boliti zake zirudishe umeme kwenye betri. Bodi ikiwa mpya, taa huwaka vizuri. Masika yakipita mara moja, kutu na rangi huzuia umeme, taa za nyuma zikafifia, na mwenye guta akaanza kununua balbu ambazo hazikuwa na kosa. Waya mmoja wa hasi kutoka kwenye taa hadi kwenye betri humaliza ugonjwa huo. Waya ukipita kwenye tundu la bati uvishwe mpira, ukae mbali na ekzosi, na maungio yafungwe pasipofika maji.

Swali gumu ni nani alipe. Guta nyingi ni mali ya tajiri, na dereva hupeleka hesabu kila siku. Balbu ikiungua, tajiri husema matengenezo madogo ni ya dereva. Dereva naye husema chombo si chake, na hesabu ya leo haijatimia. Hivyo taa hubaki haina mwenyewe, na guta hurudi barabarani likiongozwa na tochi ya simu.

Utaratibu huo hauwezi kutetewa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo cha moto kiwe na taa barabarani usiku, na dereva ndiye anayesimamishwa kwanza. Lakini guta likigongwa, dereva huumia mwili, mkulima hupoteza mzigo ambao hajalipwa, na tajiri hupoteza chombo kizima. Wote watatu hulipia kitu ambacho gharama yake ni mita chache za waya, fyuzi, balbu na nusu siku ya fundi.

Haki ni kwamba uwekaji wa nyaya na taa za bodi uwe juu ya mwenye mali, kama zilivyo injini na bodi yenyewe, na ufanyike kabla guta halijapewa dereva. Balbu ya kila siku inaweza kuwa ya dereva, mradi imeandikwa kwenye mkataba na hesabu ya siku hiyo ipunguzwe kwa kiasi hicho. Wafanyabiashara wa soko nao wana nguvu yao. Anayekodi guta alfajiri azunguke nyuma, amwambie dereva akanyage breki, ndipo apakie.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mfanyabiashara wa Kilakala, ufa wenyewe ni waya uliokatika nyuma ya bodi.