Sio Kudeka, ni Kifupa

Mwezi huu tushuke chini kabisa, hadi miguuni. Najua mmenizoea kwa mambo ya moyo, lakini nimeshuhudia mguu nao ukigombanisha watu.

Mdogo wangu wa kike, kila wakitoka na mchumba wake, alikuwa anavua viatu njiani. "Umezidi kudeka," jamaa akamwambia. Ikafika mahali kadi ya harusi ikija wananuniana kabla hata hawajavaa. Alipopigwa eksirei, kumbe ana mfupa wa ziada!

Usishangae. Kwa kawaida mguu mmoja, kuanzia kifundo kushuka chini, una mifupa 26. Lakini karibu mtu 1 kati ya 10 huzaliwa na kifupa cha nyongeza upande wa ndani, juu kidogo ya upinde wa unyayo, kando ya mfupa uitwao navikula. Wengi wanazeeka nacho bila kujua. Balaa huanza pale kiatu kinapokisugua, mguu unapoteguka, au kano inayobeba ule upinde inapokivuta kila siku. Hapo panavimba, panawaka, na jioni hapashikiki. Wenye nyayo bapa wako hatarini zaidi.

Kuna na ndugu yake, trigonamu, anayekaa nyuma ya kifundo. Ukinyoosha vidole kuelekea chini, anabanwa. Wacheza baleti na wanasoka wanamjua vizuri, na wewe dada wa mchuchumio anaweza kukuhusu pia.

Habari njema ni kwamba mara nyingi kisu hakihitajiki. Pumzisha mguu, kanda kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, vaa viatu vipana vyenye soli inayobeba upinde. Daktari anaweza kuongeza dawa za maumivu, mazoezi, au hata kukufunga hogo kwa wiki kadhaa. Upasuaji huja baadaye, hayo yote yakishindikana.

Sasa kwenu wenye wenza: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mguu unaweza kuonekana mzima, mzuri, umepakwa na rangi ya kucha, na bado unauma kweli kweli. Mwenzako akilalamika, acha kumhukumu. Muulize panauma wapi, pashike taratibu, kisha mwende wote hospitali. Penzi nalo linahitaji mahali pa kukanyaga bila kuumia.