Neno Peke Yake Halina Aina
Swali la mtihani linalompa mwanafunzi neno "round" likiwa pweke, kisha likamtaka ataje aina yake, linapima kubahatisha tu. Katika "a round table" ni kivumishi. Katika "the final round" ni nomino. Katika "ships round the cape" ni kitenzi. Na katika "they sat round the fire" ni kihusishi. Umbo ni lile lile, kazi ndiyo inayobadilika. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi tamati vingi vya kuonyesha kazi ya neno. Kufikia karne ya 15 vingi vilikuwa vimekwisha kupotea, na mpangilio wa maneno ukaubeba mzigo huo. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumelelewa na viambishi: kupika, mpishi na mapishi havichanganyiki. Hata hivyo, "vizuri" ni kivumishi katika "visu vizuri" na kielezi katika "anaimba vizuri". Kwa hiyo, mwalimu, futa orodha ya maneno pweke ubaoni uandike sentensi, umfundishe mtoto kutazama neno limetanguliwa na nini na limefuatwa na nini. Kamusi huorodhesha aina zote; kuchagua ni kazi ya msomaji.