Mwenye Nguruwe Abebe Samadi Yake: Barua ya Wazi kwa Bunge la Jimbo la North Carolina

Waheshimiwa Wabunge,

YAH: WAJIBU WA KAMPUNI ZA NGURUWE KATIKA UDHIBITI WA SAMADI

Jimbo la North Carolina, nchini Marekani, lina nguruwe wapatao milioni 8, na wengi wao hufugwa katika tambarare za mashariki, hasa kaunti za Duplin na Sampson, ndani ya mabanda marefu yenye sakafu ya matundu. Kinyesi na mkojo hudondoka chini ya sakafu hiyo na kusukumwa kwa maji hadi kwenye bwawa la wazi, ambamo bakteria wasiohitaji oksijeni huozesha uchafu taratibu, mara nyingi mpaka maji yakageuka rangi ya waridi. Kisha majitaka hayo hurushwa kwa mitambo ya kunyunyizia juu ya mashamba ya nyasi. Mfumo huu ni rahisi kwa anayeuendesha kwa sababu sehemu kubwa ya gharama yake huangukia mto, kisima na pua ya jirani.

Uvundo ndio unaolalamikiwa zaidi, lakini madhara makubwa hutokana na nitrojeni. Sehemu yake hupaa hewani ikiwa amonia na kurudi ardhini pamoja na mvua, na sehemu nyingine hugeuka nitrati, yaani chumvi inayoyeyuka upesi na kupenya udongo wa kichanga hadi kwenye maji ya visima. Ile inayofika katika mito kama Neuse na Cape Fear hurutubisha mwani, ambao ukifa na kuoza hunyonya oksijeni ya maji, na samaki hufa. Ukingo wa bwawa moja katika Kaunti ya Onslow ulipobomoka mwezi Juni 1995, takriban lita milioni 95 za majitaka zilimwagika na kuingia katika Mto New. Kimbunga Floyd mwaka 1999 na Florence mwaka 2018 vikaja kuonyesha kwamba mafuriko hayahitaji ukingo mbovu ili kulizoa bwawa.

Ni haki kukiri kwamba Bunge hili lilisimamisha ujenzi wa mabwawa mapya mwaka 1997 na kulifanya zuio hilo kuwa la kudumu mwaka 2007. Mabwawa ya zamani, hata hivyo, yaliachwa yaendelee. Chini ya makubaliano ya mwaka 2000 kati ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo na kampuni ya nguruwe ya Smithfield Foods, dola milioni 15 zilitolewa kugharamia utafiti wa mbinu mbadala, na zikapatikana mbinu zinazotenganisha kinyesi kigumu na majimaji na kuondoa sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi. Zilikwama kwenye kipimo cha uchumi, zikaonekana ghali mno kwa mashamba yaliyokuwapo.

Ghali kwa nani? Katika ufugaji wa mkataba, kampuni ndiyo inayomiliki nguruwe tangu akiwa mtoto, chakula chake na dawa zake, na ndiyo inayomchukua akishanenepa. Mfugaji humiliki mabanda, deni la benki na samadi. Kumtaka mtu huyo mwenye deni anunue mtambo wa kisasa ni kujua mapema kwamba hautanunuliwa. Mabaraza ya wazee wa mahakama mjini Raleigh yaliliona jambo hili mwaka 2018, yalipowapa ushindi majirani wa mabanda waliofungua kesi, wengi wao Wamarekani Weusi, dhidi ya kampuni tanzu ya Smithfield na si dhidi ya wafugaji, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaafiki kwamba kampuni iliwajibika. Inasikitisha kwamba Bunge lenyewe lilichukua njia tofauti, likatunga sheria mwaka 2017 na 2018 za kubana kesi za aina hiyo.

Bayogesi itokanayo na samadi, iliyorahisishiwa vibali na sheria ya mwaka 2021, haitoshi kuwa suluhisho. Kulifunika bwawa hunasa metani, gesi inayochangia sana joto la dunia, na hilo ni jema. Lakini nitrojeni hubaki katika majimaji yanayotoka, nayo huishia kwenye bwawa jingine la wazi na mashamba yaleyale ya nyasi.

Kwa hiyo Bunge linaombwa kutunga sheria itakayoifanya kampuni yenye nguruwe kuwa mshirika wa mfugaji katika kibali cha samadi, ili faini na gharama za mtambo ziifuate. Kila kibali cha bayogesi kiambatane na sharti la kuondoa nitrojeni. Aidha, mpango ulioanzishwa baada ya Floyd, ambao ulinunua na kufunga mashamba 43 yaliyokuwa katika maeneo ya mafuriko, utengewe fedha za kumaliza yaliyosalia humo. Mpango huo ulikwishafanya kazi, na wafugaji waliouza waliuza kwa hiari yao. Kilichobaki ni Bunge kuutengea fungu katika bajeti.